Aya ya Nne

Jumatatu, 2 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui na mashine za kufulia hapo hospitalini zinawaacha mpumue. Mimi ni mzima. Shuka ulizonipa zimewatia wivu wenzangu wote wa bwenini, kwa sababu nikitandika kitanda changu pembe zinakaa kama za wodini, na msimamizi wa bweni sasa huwaleta wengine waje kutazama. Nakushukuru, ingawa umenitafutia maadui.

Nakuandikia kwa sababu maji yamenifika shingoni. Chuo cha uuguzi hakitazami alama peke yake. Kinataka na insha ya kurasa mbili yenye swali moja tu: kwa nini unataka kuuguza watu? Waombaji ni mamia, nafasi ni arobaini, na insha lazima iwe imewafikia kabla ya tarehe thelathini. Fomu inasema mtu anaomba mara moja. Ukikataliwa, huwezi kurudi tena.

Niliandika nikampelekea mwalimu wetu wa insha, yule tunayemwita Wino Mwekundu. Akanirudishia na maneno haya juu yake: “Sentensi safi, mpangilio hakuna. Aya zako zimemwagwa sakafuni kama nguo kabla ya kuchambuliwa.” Nilicheka, maana nguo ndizo zilizonilea, kisha nikalia kidogo. Nina aya sita. Kila moja ukiisoma peke yake haina neno, lakini ukiziweka pamoja zinagombana, hii inamaliza jambo ambalo ile bado haijalianza.

Nikakukumbuka wewe na vifurushi vyako vya chumba cha upasuaji. Daktari akifungua, kila kitu kinamjia mkononi kwa zamu yake. Unajuaje kipi kitangulie na kipi kifuate? Nieleze kama unavyomweleza mfanyakazi mpya, usinionee huruma. Ningepiga simu, lakini najua wewe na simu hamuivi chungu kimoja.

Wako,
Kifungo

*

Jumamosi, 7 Juni

Kifungo wangu,

Marahaba. Simu ina kosa gani? Masikio ndiyo yameoana na mashine, hayasikii mwingine. Barua yako nimeisoma mara mbili wakati wa chai, Mama Pasi akinichungulia begani. Anakusalimu sana. Anasema bado ana kopo la vifungo ulivyokuwa ukiokota chini ya mashine, akikuona atakurudishia ushonee koti la uuguzi.

Sasa sikiliza. Mimi sijasoma mambo ya insha, darasa langu lilikuwa chumba cha kufulia. Lakini kifurushi nakijua. Kwanza, kila kitu kikunjwe peke yake. Gauni halifichwi ndani ya taulo, na taulo halifichwi ndani ya shuka, hata kama nafasi ni ndogo. Mtu akishika, ashike kitu kimoja. Naona hizo aya zako zinagombana kwa sababu umezikunja mbili mbili.

Pili, anayefungua asitafute. Amevaa glavu, mgonjwa amelala, hana wakati wa kupekua. Kwa hiyo unapofunga unafikiria mikono ya yule, siyo yako.

Tatu, na hili ndilo wapya wote hukosea: anza na kitakachotumika mwisho. Shuka kubwa ya kufunikia mgonjwa hutangulia, kisha gauni, kisha taulo ndogo ya kukaushia mikono. Usisahau. Cha mwisho ndicho cha kwanza.

Fanya hivyo, halafu nitumie hizo aya zenyewe nizione. Huwezi kumwuliza dobi habari ya nguo ambayo hajaishika.

Shangazi yako

*

Jumatano, 11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Umeniponza.

Nilikutii neno kwa neno. Cha mwisho ndicho cha kwanza, nikaanza insha na “Kwa hayo yote, natanguliza shukrani zangu kwa kusoma maombi haya,” nikaendelea kurudi nyuma aya kwa aya, nikamalizia na kuzaliwa kwangu. Wino Mwekundu aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mwisho akaketi, akavua miwani, akaniuliza kama nyumbani kwetu watu huaga kwanza ndipo wakabisha hodi. Darasa zima liliangua kicheko. Nikamweleza habari za vifurushi, akasema huyo shangazi yako anajua kazi yake, ila wewe ndiye uliyekipindua kifurushi.

Hata hivyo jambo moja lilimpendeza. Anasema kila aya sasa imekunjwa peke yake. Amenifundisha kuzikata kwa mkasi ziwe vipande, nizipe namba, nizitandaze kitandani na kuzihamisha mpaka zitulie. Kitanda changu chenye pembe za wodini sasa kimejaa karatasi na mimi nalala ukingoni.

Nakutumia vipande nilivyonakili kwa ajili yako. Cha kwanza kinasema nilizaliwa wapi na jinsi nilivyokuja kwako baada ya baba na mama kufariki. Cha pili kinakusifia wewe. Cha tatu kinaeleza nilivyokua kati ya matenga ya nguo za hospitali. Kisha kuna kile kinachosema ninavyotaka kufanya kazi, na cha mwisho ni cha kushukuru. Niambie bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Wako, aliyepinduka,
Kifungo

*

Jumapili, 15 Juni

Kifungo,

Mama Pasi amecheka mpaka ameshika meza. Mimi pia, lakini nilicheka kwa aibu, maana kosa ni langu. Sisi hupanga kutoka chini kwenda juu. Cha kwanza kuwekwa hufunikwa na vingine, na mfunguaji hukikuta mwisho. Nilisahau kwamba karatasi haina chini, kinachoandikwa kwanza ndicho kinachosomwa kwanza. Miaka yote hii nimewafundisha watu wenye meza mbele yao, sijawahi kumfundisha mwenye kalamu. Nisamehe, mwanangu, na umwambie mwalimu wako sisi hubisha hodi kama watu wengine.

Aya zako nimezishika moja moja. Ya kwanza ni ndefu. Kuzaliwa kila mtu alizaliwa. Ya pili unapiga chuku: ati sijawahi kuchoka, sijawahi kukosea, sijawahi kupandisha sauti. Muulize Mama Pasi kuhusu sauti yangu siku boila ilipokufa. Iondoe. Ya tatu nimeipenda, ile sehemu ya kulala ndani ya tenga la foronya zikiwa bado na joto. Sikujua unakumbuka.

Lakini mimi huhesabu kabla ya kufunga. Umeandika una aya sita, na mkononi nina vipande vitano. Kuna namba moja, mbili, tatu, tano na sita. Na hiyo ya tano inaanza na “Tangu siku ile.” Siku ipi? Nimetafuta kwenye bahasha, nimetafuta sakafuni, nimemkagua Mama Pasi mifukoni.

Nitumie ya nne.

Shangazi yako

*

Jumatano, 18 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Niliiacha kwa makusudi. Nilidhani utazisoma kwa raha usigundue, na hilo linaonyesha bado sikujui vizuri.

Ya nne ni hii hapa, kama ilivyo:

“Nilikuwa na miaka minane, shule zimefungwa. Shangazi alikuwa mfungaji wa vifurushi vya upasuaji pamoja na mama mmoja mwenzake. Kila shuka hutandazwa kwanza juu ya meza yenye taa ili tundu lionekane, kwa kuwa tundu dogo tu hupitisha vijidudu. Siku hiyo shuka yenye tundu ilipita. Iligunduliwa mgonjwa akiwa tayari amelazwa usingizi mezani, ikabidi kila kitu kianze upya. Mgonjwa alipona. Jina kwenye lebo lilikuwa limefutika kwa mvuke. Metroni alikuja chumba cha kufulia, akasimamisha mashine, akasema mbele ya watu wote kwamba ni mmoja wa wafungaji wawili na anataka kujua nani. Shangazi akaweka pasi chini, akasema, ‘Ni mimi.’ Hakusubiri kuulizwa mara ya pili. Mimi nilikuwa ndani ya tenga, watu wakidhani nimelala.”

Nilikuwa macho, Shangazi. Jioni ile uliniambia umehamishiwa upande wa kufua kwa sababu mvuke wa pasi ulikuwa unakuumiza kifua. Ukafua shuka za damu mwaka mzima, na mimi miaka yote nakuuliza hali ya kifua ambacho najua hakijawahi kuuma. Ilikuwa siri yetu, ila wewe hukujua kwamba ni yetu.

Wino Mwekundu anasema bila aya hii insha yangu ni matakwa matupu, maana wanafunzi wote huandika kwamba wanapenda kusaidia watu. Anasema hii ndiyo inayoeleza kwa nini. Mimi naona hivyo pia. Lakini ni maisha yako, siyo yangu, na sitaituma bila ruhusa yako. Natakiwa kuposti tarehe ishirini na saba. Ukisema hapana nitaitoa, na sitanuna.

Wako,
Kifungo

*

Ijumaa, 20 Juni

Kifungo,

Hapana.

Nilirudishwa meza ya vifurushi baada ya mwaka, na sasa ndiye ninayewafundisha wapya. Hakuna hata mmoja wao anayejua. Huko chuoni unakotaka kwenda watasoma manesi, na manesi wanajuana. Jambo lililozikwa miaka kumi na moja lisifukuliwe kwa ajili ya kurasa mbili.

Itoe. Andika kingine, una akili.

Shangazi yako

*

Jumapili, 22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeitoa. Kipande chenyewe nimekichana, ili nisije nikashawishika.

Mahali pake nimeandika aya inayosema ulinifundisha usafi na bidii. Ni kweli, ingawa Wino Mwekundu ameichora alama ya kuuliza pembeni, na anasema sasa aya ya tano inaning’inia. Nimebadilisha “Tangu siku ile” ikawa “Tangu utotoni.” Itafaa. Nitaposti Ijumaa asubuhi kama ilivyo.

Sitaki ufikiri nina kinyongo. Nakuandikia hili siyo kukubembeleza, ni kwa kuwa sijawahi kukuambia na sasa naona nilichelewa. Mwezi uliopita, kwenye zahanati ninakojitolea Jumamosi, nilichanganya kadi za wagonjwa wawili. Mmoja alikuwa tayari ameshaitwa kwa jina la mwenzake na amewekwa kwenye foleni ya kuchomwa sindano isiyo yake. Hakuna aliyeona. Nikafikiri, watagundua wenyewe, au hawatagundua. Kisha nikasikia sauti yako inasema “Ni mimi,” na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilikaripiwa vibaya sana. Mgonjwa alichomwa sindano yake.

Ndiyo maana nataka kuwa nesi. Siyo kwa sababu napenda kusaidia watu, nani asiyependa? Ni kwa sababu nilimwona mtu mmoja akifanya kazi hii kama inavyotakiwa, na huyo mtu ndiye aliyenipikia uji kila asubuhi. Chuo kisipojua, si neno. Wewe ujue. Asante, Shangazi.

Wako,
Kifungo

*

Jumanne, 24 Juni

Mwanangu,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la hospitali, maana posta itachelewa. Mpe maji, amenifanyia hisani.

Tangu nipate barua yako sijatulia. Nimekunja shuka tatu visivyo, mpaka Mama Pasi akaniuliza kama nimeshikwa na homa. Nikikuacha hivi nitakuwa nimekudanganya mara ya pili, na njia ya mwongo ni fupi. Umeniandika mzuri kuliko nilivyokuwa.

Unasema sikusubiri kuulizwa mara ya pili. Metroni alikuja mara mbili, Kifungo. Ile uliyoiona ni ya pili, saa tano. Saa tatu alikuwa ametuita ofisini kwake, mimi na Mama Pasi, mmoja mmoja. Kitambaa cha nje cha kifurushi kilikuwa mezani na utepe wake bado umefungwa, kwa kuwa nesi aliukata upande wa pili. Mimi hufunga kwa mkono wa kushoto, fundo langu hulala upande usio wa kawaida. Nililitambua kabla sijakaa kwenye kiti. Metroni hajui mafundo. Akaniuliza, “Ni chako?” Nikasema sijui.

Ndiyo, mimi. Nikasema sijui, nikarudi kwenye pasi yangu. Nilipiga pasi kwa saa mbili nikimwangalia Mama Pasi mgongoni, nikijua tumebaki wawili tu, na kwamba nisiposema ni lazima mmoja wetu abebe. Niliomba iwe yeye. Ndivyo nilivyoomba. Yeye alikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, nikajiambia hata akihamishwa, atastaafu kabla yangu. Mimi nilikuwa na wewe. Nilikutumia wewe, uliyelala kwenye tenga, kuwa sababu yangu ya kunyamaza.

Saa tano metroni aliporudi na kusimamisha mashine, kukawa kimya. Miaka yote sijawahi kusikia kile chumba kimenyamaza. Nilishindwa kukaa ndani ya ule ukimya, nikasema. Sikusema kwa ushujaa.

Basi kama unaitaka aya yako, ichukue, lakini uichukue nzima. Usiandike “hakusubiri.” Na usiyakunje pamoja. Zile saa mbili zipe aya yao wenyewe, halafu “Ni mimi” iwe na yake, inayofuata. Ukiyatia yote ndani ya moja, msomaji atapita mbio hadi kwenye lile neno zuri, asikae kwenye lile baya. Mlazimishe akae.

Tena usiifiche katikati. Ianze. Weka juu kabisa ile siku, kuzaliwa kwako kutafuata kukiwa na nafasi, na nafasi isipokuwepo hatutakosa usingizi. Safari hii sijakupindua.

Wakinijua, wanijue. Asante kwa kunifikiria vyema miaka kumi na moja. Niliuhitaji huo wema kuliko ulivyojua, na sasa nimeurudisha ili uamue kama utanipa tena.

Shangazi yako

*

Alhamisi, 26 Juni

Shangazi wangu,

Shikamoo. Dereva amekunywa maji vikombe vitatu na amekataa kuondoka mpaka nimalize barua hii, kwa hiyo ni fupi.

Nimeisoma kwenye ngazi za bweni. Nilikasirika kwa muda wa kama kuchemsha chai. Nilimkasirikia mtoto aliyekuwa kwenye tenga, kwamba alisikia nusu akajenga nyumba nzima juu yake. Kisha nikakumbuka kwamba nilipochanganya kadi zile, nami sikusema mara moja. Niliandika “mdomo wangu ukafunguka wenyewe.” Ulifunguka baada ya dakika kumi, Shangazi. Nilikwenda kwanza kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Tazama tulivyo ndugu.

Nimekata vipande upya. Insha inaanza na ofisi ya metroni na neno “sijui.” Aya ya pili ni saa mbili za pasi, haina kitu kingine ndani yake. Ya tatu ni “Ni mimi.” Ya nne ni kadi za zahanati na zile dakika kumi. Ya tano inasema ninavyotaka kufanya kazi, na nimeiacha ianze na “Tangu siku ile.” Habari za kuzaliwa nimezitoa kabisa. Wino Mwekundu ameisoma bila kuvua miwani, akasema, “Funga bahasha,” basi.

Wema huo nimekupa tena. Hukuhitaji kuomba.

Wako,
Kifungo

*

Jumamosi, 9 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimechaguliwa.

Usilie juu ya barua, wino utafutika, na tumeshaona matatizo ya wino uliofutika. Walituita wengi kwenye usaili, na walikuwapo watatu mezani. Katikati alikaa nesi mmoja mtu mzima mwenye sauti ya chini, insha yangu mbele yake. Hakuniuliza habari za viungo vya mwili, ambavyo nilikuwa nimekesha navyo. Alisoma aya ya pili kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Na wewe ungenyamaza kwa muda gani?”

Nikamwambia sijui, ila mpaka sasa nimefikisha dakika kumi. Akaandika kitu. Nilidhani nimekalia kuti kavu. Aliponisindikiza mlangoni akaniambia waombaji wengi walimpelekea mtu asiyekosea, na yeye hajawahi kufanya kazi na mtu huyo.

Shangazi, nafasi hii ni yako nusu, na hiyo nusu siyo ile ya uji tu. Ungeweza kukaa kimya. Ungebaki shujaa wangu bila gharama yoyote. Ulichagua kunipa ukweli wakati nilikuwa nimeshakubali kukosa, na nitakushukuru kwa hilo mpaka nitakapokuwa mzee wa kuhesabiwa vidonge. Nimekuwekea nakala ya insha nzima humu. Ifanyie upendavyo, ichome ukitaka.

Masomo yanaanza mwezi ujao. Kabla ya hapo nakuja nyumbani.

Wako,
Kifungo

*

Jumamosi, 16 Agosti

Mwanangu, nesi wangu,

Nimelia mbali na karatasi, kama ulivyoagiza. Mungu akuzidishie. Chumba kizima cha kufulia kimepiga vigelegele na boila ikajibu kwa filimbi yake, na metroni wa sasa akaja mbio akidhani kumetokea ajali.

Nakala sikuichoma. Jumatano, wakati wa chai, wengine wakiwa nje, nilimpa Mama Pasi. Nilikuwa nimeishika kwenye aproni siku mbili nikitafuta ujasiri. Nikamwambia, “Dada, humu mna jambo nililokufanyia.” Akachukua miwani yake, akasoma kama anavyosoma, midomo ikienda. Nilisimama mbele yake kama mtoto anayengoja bakora.

Alipofika aya ya pili alitulia. Alikaa hapo muda mrefu, kwa hiyo ujue aya yako inafanya kazi yake. Kisha akakunja karatasi, akanirudishia, akasema, “Lile fundo nililiona.”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku ile saa tatu ni yeye aliyeitwa ofisini kwanza. Aliukuta utepe mezani. Tulikuwa tumefunga pamoja miaka sita, na katika hospitali ile yote mwenye mkono wa kushoto nilikuwa peke yangu. Metroni alipomwuliza, naye akasema hajui. Akarudi kupiga pasi, akanipa mgongo, na zile saa mbili zote nilipokuwa nikimwombea abebe yeye, alikuwa tayari ameshabeba.

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja, alikuwa na haki. Nakuandikia jibu lake kama alivyolitoa:

“Ningesema mimi, wewe ungekuwa umekamatwa. Nilitaka uwe umesema.”

Nikamwuliza, na kama nisingesema? Akasema alikuwa amejipa mpaka saa sita. Ikifika saa sita angesema ni chake. Kisha akaniambia chai inapoa.

Sikuweza kunywa chai yoyote. Nilimshika mikono, nikamshukuru kwa kelele mpaka walio nje wakaja kuchungulia, maana mimi sauti yangu sijui kuipunguza. Miaka kumi na moja nimekaa na aibu ya saa zile nikidhani nilikuwa peke yangu ndani yake. Kumbe alikuwa amesimama pale, hatua mbili kutoka kwangu, ananisubiri.

Insha yako imeshafika na imeshakubaliwa, haihitaji aya nyingine. Hii nimekuandikia wewe peke yako. Utakuwa nesi mkubwa siku moja, na mtu aliye chini yako atakosea. Mwangalie mgonjwa kwanza, hakikisha yuko salama. Mgonjwa akiwa salama, na wewe ukishajua ni nani, usimtaje. Mpe saa mbili.

Shangazi yako